Nilisubiri Mpaka Apaue

Siku meneja wa uwanja wa ndege alipobomoa nyumba ya mama yangu, mimi nilikuwa Uyole sokoni nauza maharage. Jirani yetu wa kule nyumbani, karibu na Igowole, alinipigia simu asubuhi akaniambia nije haraka, mama amekaa nje juu ya kitanda na mvua inanyesha. Nilidhani nyumba imeungua. Nikamuuliza kama ni moto. Akasema ni katapila.

Nilifika jioni. Mama alikuwa kweli juu ya kitanda, katikati ya shamba lake la viazi, amejitanda turubai la nailoni. Vyombo vilikuwa vimepangwa vizuri kando yake, sufuria ndani ya sufuria, kama vya mtu anayehama kwa hiari yake. Hakuwa analia. Alinisalimia kwa Kihehe kama siku zote, akaniuliza kama nimekula njiani. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia yule mtu, na mpaka leo sijaacha.

Uwanja wenyewe watu wa kwetu huuita Kiwanja tu. Ulichongwa wakati wa vita ya pili. Wazungu walikuwa wanatafuta mahali pa kuwafundishia vijana wao kurusha ndege kabla ya kuwapeleka vitani, wakaipenda ile tambarare iliyoinama kidogo, juu ya bonde ambalo siku hizi ni mashamba ya chai. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wanaume waliokusanywa kung'oa visiki na kuvuta jiwe la kushindilia kwa kamba. Alikuwa na alama ya ile kamba begani mpaka anakufa, na sisi wajukuu tulikuwa tunaigusa. Shamba lake la ulezi liko chini ya changarawe ya ile njia ya ndege. Waliambiwa vita ikiisha kila mtu atarudishiwa ardhi yake. Wale vijana walijifunza, wakaenda. Mmoja hakwenda popote, aliangukia bondeni, na babu alikuwa kati ya watu wa kwanza kufika. Alikuwa akisema yule alikuwa mtoto kabisa, ndevu hazijaota. Vita ikaisha, Wazungu wakafunga virago, uwanja ukabaki. Kilichorudishwa ni kipande cha mwisho wa juu wa uwanja tu, kwa sababu hakikuwa na kazi kwao. Hapo baba yangu akajenga, hapo akazikwa, na hapo mama akabaki na viazi vyake na njegere zake.

Kwa sababu uwanja umeinama, ndege hutua kwa kupanda na kuruka kwa kushuka. Sisi wa mwisho wa juu tulikuwa tunaziona zikija kutuelekea, zikipunguza mwendo, zikigeuka. Ni miezi ya upepo mkali tu ambapo hulazimika kuja kwa upande wetu, na hapo zilikuwa zikipita juu ya bati letu, mama akitoka uani na kupunga khanga. Hakuna rubani aliyewahi kulalamika. Mmoja alikuwa akitikisa mabawa kumjibu.

Yule meneja alihamishiwa kwetu kutoka mjini. Mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, anayeoga na kunukia. Jirani alinieleza jinsi mambo yalivyokwenda asubuhi ile. Siku kadhaa kabla yake ukuta wa mama ulipigwa X nyekundu, naye akadhani ni alama ya watu wa sensa, hakumwambia mtu. Katapila lilipofika meneja alisimama mbele ya watu akasema, "Mbele ya uwanja hakujengwi hata banda la kuku. Huu ni usalama wa ndege." Mama akamuuliza jambo moja tu. Akamuuliza mbona ndege zimepita juu ya paa hili tangu ameolewa na hazijadhurika. Yeye akatazama simu yake, akampungia dereva mkono aanze.

Nilimchukua mama nikaenda naye Uyole. Nilimpa chumba chenye dirisha la mbele, aone watu na malori. Hakupenda watu wala malori. Alikuwa akiamka alfajiri anatafuta jembe. Aliniuliza mara nyingi viazi vyake vitavunwa na nani, nami nikamdanganya kwamba jirani anavivuna na kutuwekea. Ukweli ni kwamba meneja alishapitisha uzio wa waya, viazi vikabaki ndani yake vikaoza, na kaburi la baba likabaki ndani yake pia. Mama alidhoofika polepole, bila ugonjwa ambao daktari angeutaja. Siku za mwisho alikuwa na ombi moja, alazwe kando ya mume wake.

Alipofariki nilikwenda kwa meneja, mimi na mjomba wangu pamoja na mchungaji wetu. Tulikaa kwenye benchi ofisini kwake kwa muda mrefu, yeye akiwa ndani anacheka na mtu kwenye simu. Alipotuita, mchungaji ndiye aliyezungumza, kwa upole, akaeleza kwamba ni kaburi moja tu, la mke kando ya mume, na ndege haziwezi kuligonga kaburi. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, si mchungaji.

"Uwanja si makaburi, dada," akasema. "Na hilo lililopo nalo tutaangalia namna ya kulihamisha."

Mjomba alinishika mkono. Alijua nina hasira gani. Tukamzika mama kwenye viwanja vya kanisa la kwetu, upande wa pili wa barabara, kati ya watu asiowafahamu. Watu waliimba vizuri. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimesimama pale nafikiria sauti ile nzuri ikisema dada.

Mume wangu alikwishatangulia na watoto walikuwa na maisha yao, kwa hiyo hakuna aliyenizuia nilipofunga biashara ya maharage na kurudi kwetu. Nilipanga chumba kwa yule jirani. Kisha nikaenda kwa meneja kumwomba kile chumba kidogo kilicho kando ya mahali pa kusubiria abiria, ambacho kilikuwa kinawekwa mifagio, nikifanye mgahawa. Nilivaa kitenge kizuri. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiambia niketi.

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa anatafuta hasira usoni kwangu, hakuiona.

"Naona umeelewa," akasema.

"Nimeelewa, bosi."

Akanipa funguo. Alikuwa mtu wa kupenda kusamehe watu aliowakosea.

Nilipika pale kwa muda usio mfupi. Wateja wangu walikuwa walinzi, madereva wanaokuja kupokea wageni wa mashamba ya chai, madaktari wa ile ndege ya matibabu na wagonjwa wao, na marubani wakati wanasubiri ukungu uinuke. Na yeye. Alikuja kila asubuhi. Nilijua anapenda chai ya tangawizi iliyokolea, sukari nyingi, na chapati iliyoachwa motoni kidogo kuliko za wengine. Nilimpikia hivyo hivyo. Sitasema sikuwahi kukitazama kikombe chake kwa jicho baya. Nilikitazama. Lakini sikutaka afe. Mtu akifa watu humlilia na kumsifu, na mimi ningelazimika kupeleka unga msibani. Nilitaka aishi, na akae nje mvua ikinyesha.

Kumbe nafasi hiyo angeniletea mwenyewe.

Alianza kwa kuzungumza. Kila akinywa chai alisema wageni wanahangaika, ukungu ukifunga hawana pa kulala, wanarudishwa mpaka Mafinga. Mtu mwenye akili angejenga nyumba ya wageni hapa hapa. Niliitikia kwamba ni kweli. Siku moja nikaona mafundi wanapanda na kamba na vigingi kuelekea mwisho wa juu. Nikawapelekea chai, nikitaka kuona kwa macho yangu. Walikuwa wanatandaza kamba za msingi pale pale palipokuwa na nyumba ya mama. Hata sakafu yake ya saruji hawakuing'oa yote.

Mwenyewe alikuwepo, amevaa buti. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayependezwa, kama hapa panaruhusiwa. Akacheka. Akanieleza kwamba ule upande wa juu ameshaufunga, ndege zote zitakuwa zinatua kwa kupanda tu, na kwamba kipande kile cha ardhi amekiandikisha kwa jina la shemeji yake. Hakuona tatizo kunieleza. Mimi nilikuwa mama wa chai.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kumwambia mlinzi, diwani, mchungaji, rubani yeyote. Wangemzuia akiwa na mtaro wa msingi tu, angeondoka na hasara ya vigingi. Nilifikiria hivyo nikiteremka na birika tupu, na nadhani nilikuwa bado sijaamua. Kilichonifanya niamue ni kitu nilichokiona wiki iliyofuata. Walikuwa wanakoroga zege juu ya kaburi la baba. Halikuwa kaburi la marumaru, lilikuwa tofali zilizopigwa lipu, na pale juu palikuwa bapa, pazuri kwa kazi hiyo. Fundi alikuwa kijana mstaarabu, aliponiona natazama akaniomba radhi, akasema hawakujua kama ni kaburi, bosi ndiye aliyewaonyesha pa kukorogea.

Nikamwambia haina shida, waendelee, chai itapoa.

Kuanzia hapo nilikuwa msaidizi mkubwa wa ile nyumba kuliko mtu yeyote. Niliwapikia mafundi wali na maharage wasipoteze muda kwenda barabarani. Nilimsifu meneja mbele ya watu. Jengo lilipofika kwenye linta nikaona jambo linalonisumbua. Lilikuwa fupi. Lilikuwa nyuma ya kilima kidogo kilicho mwisho wa uwanja, na kutoka kule chini ndege zinakoegeshwa usingeliona kabisa. Marubani wangeweza kuja na kwenda miaka mingi bila kujua. Basi asubuhi moja, nikimmiminia, nikasema kwamba wale wageni Wazungu wanapenda sana kukaa juu na kikombe cha kahawa, watazame chai bondeni upande huu na ndege zikitua upande ule. Ghorofa moja ingeongeza tu heshima.

Akaacha kutafuna. Akatazama dirishani.

"Wewe mama una akili," akasema.

Akapandisha ghorofa. Niliona nondo zikipanda lori kwa lori, niliona tofali, nikaona mbao za kenchi. Mke wake alikuja kutoka mjini kuchagua rangi ya vigae. Alikuwa mwanamke mpole, mfugaji wa kuku, aliniletea trei la mayai kwa kuwapikia mafundi wao. Nilisikia kwamba wameuza nyumba yao ya mjini na gari ili kumalizia. Niliposikia hivyo nililala usingizi mzuri.

Walichagua vigae vya buluu. Siku fundi alipopigilia cha mwisho, walichinja mbuzi, mimi ndiye niliyepika supu. Meneja alisimama kwenye kibaraza cha juu na kunywa soda, na kule chini uwanjani kwa mara ya kwanza mtu yeyote mwenye macho angeliona lile paa limechomoza nyuma ya kilima kama kofia.

Marubani waliliona. Walimuuliza, na yeye akawaambia ni nyumba ya jirani, iko mbali, ng'ambo ya mpaka, ni macho tu yanadanganya kwa ajili ya mwinamo. Walimwamini. Kwa mbali ni vigumu kupima. Nami sikutaka waliongelee kwa kubahatisha. Sikutaka pia ndege yoyote ipate matatizo, kwa hiyo sikungoja miezi ya upepo. Nilimngoja rubani wa ndege ya madaktari, mtu mzima, mkimya, ambaye alikuwa akiniita mama ingawa tunalingana. Alipomaliza kula, huku madaktari wakiendelea na wagonjwa, nilimwambia nataka kumwonyesha kaburi la baba yangu.

Tukapanda pamoja kwa miguu. Nilimpeleka kwanza kaburini kweli. Zege lilikuwa limeganda juu yake kama ugali uliomwagika. Akavua kofia. Kisha akainua macho, akaona ilipo nyumba na unapoishia uwanja. Akapiga hatua kutoka kwenye changarawe mpaka ukutani akihesabu kimoyomoyo. Akatoa simu akapiga picha, akarudi nyuma akapiga tena.

"Nani kajenga hii?"

"Meneja."

"Na wewe ulikuwa wapi inajengwa?"

"Nilikuwa nachemsha chai."

Alinitazama kwa jinsi ambayo sikuipenda. Nadhani alielewa yote pale pale, na hakunisifu. Alisema tu kwamba upepo ukigeuka, au mtu akikosea kutua na ikambidi apae tena, anakuja kukutana na hilo paa. Akateremka bila kunisubiri. Alasiri ile aliruka na madaktari wake, na hakurudi.

Wala mwingine hakuja. Marubani huambiana. Kwa wiki nyingi Kiwanja kilikuwa kimya, ng'ombe wakala majani pembeni mwa njia bila kufukuzwa. Watu wa chai wakalalamika kwa wakubwa, wakubwa wakatuma wakaguzi. Walikuja na gari, na vifaa vyao vya kupimia vyenye miguu mitatu, na meneja aliwaandalia chakula cha mchana kwangu, kuku wawili. Hawakula. Walikwenda moja kwa moja kule juu. Walipoteremka walikunywa maji tu, na meneja alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti, shati limemlowa kwapani kwenye baridi ile.

Katika zile wiki za ukimya, yule jirani yangu, yule yule aliyenipigia simu siku ya katapila, alikuwa anamsubiri daktari wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, alishapangiwa kufanyiwa upasuaji. Ndege haikuja. Alisikia watu wakisema ni mimi niliyemwonyesha rubani. Aliniambia tukiwa tunamenya viazi, bila kugombana, kwamba nimemwadhibu yule na nimewaadhibu na wao. Niliendelea kumenya. Alikuja kufanyiwa baadaye, upande mmoja tu ukapona. Hilo ninalo. Lakini akiniuliza mtu kama ningefanya tofauti, ningesema ningemtafutia jirani gari la kwenda hospitali, na mengine yote ningefanya vile vile.

Wakaguzi walimpa meneja muda wa kutoa vitu. Kisha likaja katapila, kubwa kuliko lile la mama. Nilifunga mgahawa nikapanda kwenda kutazama. Sikujificha nyuma ya watu. Nilitandika khanga kwenye majani nikaketi mbele, mahali ambapo lazima anione. Ghorofa haianguki kama nyumba ya tofali mbichi. Inagoma, inaning'inia kwa nondo, inabidi ipigwe tena na tena. Vigae vya buluu viliteremka kwa mkupuo mmoja. Nilikifurahia kila kipigo, sioni haya kusema hivyo.

Mke wake alikuwa amekaa juu ya godoro pembeni ya barabara, na kuku wake ndani ya matenga. Mvua haikunyesha, ilikuwa siku ya jua. Nilipompita alinitazama akasema, "Dada, na sisi tumekukosea nini?" Aliuliza kweli, hakuwa anajua habari za mama, mume hakuwahi kumwambia. Ni yeye pekee niliyemwonea huruma siku ile. Nilimbebea matenga mawili mpaka kwenye gari la kukodi.

Meneja aliachishwa kazi. Mpya aliyekuja ni kijana, hanywi chai, lakini aliusogeza uzio, kaburi la baba likabaki nje. Niliajiri mtu akalitindua lile zege kwa patasi, taratibu, kwa siku nzima. Plasta ya chini ilitoka nalo, nikaipiga upya. Mama sikumhamisha. Mjomba alisema tumwache apumzike, na pale kanisani mchungaji amepanda maua.

Nilikutana na yule meneja mara moja baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda Mbeya kumwona mwanangu wa kwanza, nikateremka Iyunga kununua vitunguu, na muuza vitunguu akawa yeye. Amekonda. Sauti ni ile ile. Tulitazamana, nikaendelea kuchagua, nikiweka kando vilivyoota. Akaniwekea kwenye mfuko. Kisha akaniuliza polepole, ili muuzaji wa pembeni asisikie.

"Ulijua tangu msingi?"

"Tangu kamba."

"Ungeniambia."

"Mama yangu alikuuliza swali siku ile. Ulimjibu nini?"

Alifikiria. Niliona anafikiria kweli, anatafuta, na niliona kwamba hakumbuki swali lolote. Hakumbuki kama aliulizwa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimedhani angalau jambo hilo tunalikumbuka wote wawili.

Nilimlipa, nikachukua vitunguu, nikavuka barabara. Mwanangu aliniuliza jioni mbona niko kimya. Nikamwambia nimechoka na safari, nikaanza kukaanga vitunguu.